Simba wa Yunisi Aliyefunguliwa Macho

Katika Unyambwa ya zamani hakuna aliyeuliza chungu fulani kimefinyangwa na nani. Mtu alikigeuza kwenye mwanga, akatazama chini ya mdomo, akajua. Kila mfinyanzi alikuwa na alama yake. Ya Yunisi, mke wa Alute, ilikuwa safu ya alama za ukucha, na kila alama ilikuwa na pengo katikati, kwa sababu kidole chake kidogo kilibanwa na jiwe la kusagia alipokuwa mtoto, na ukucha ukaota umegawanyika. Chungu kikivuja, ulijua nani wa kumlaumu. Kikidumu hadi wajukuu, ulijua nani wa kumshukuru. Siku hizi watu wanateka maji kwa ndoo za plastiki, ndoo elfu kwa sura moja, na zikipasuka hutupwa njiani bila jina la mtu.

Yunisi hakuwa mfinyanzi wa vyungu tu. Wasichana wa sehemu ile walipoingizwa ndani kufundwa, yeye ndiye aliyeombwa kufinyanga simba jike, mkubwa kiasi cha mwana mbuzi aliyelala. Mengine ya nyumba ile ni ya wanawake, na yabaki yao. Lakini jambo moja kila mtu alilijua, hata wanaume: simba yule alikaa bila macho mpaka siku ya mwisho. Siku hiyo mama mkubwa wa unyago, ambaye wakati ule alikuwa Mama Mughwai, alimfungua macho kwa mwiba, akichokoa udongo mbichi ulioziba matundu yake tangu alipochomwa, wasichana wakamwona naye akawaona, na kabla jua halijazama alivunjwa. Vipande vilirudishwa mbugani kwenye shimo lile lile ulikotoka udongo. Simba aliyefunguliwa macho haonyeshwi jua la pili. Wazee walisema kitu kinachoona huanza kutaka, na kikishaanza kutaka kitatembea kutafuta.

Yunisi ndiye aliyebeba kikapu cha vipande kila mara, na hakuna aliyemwuliza moyo wake ulikuwaje. Vyungu vyake vya maharage vilidumu miaka. Simba wake, ambao aliwafinyanga akiwa amesahau njaa na watoto, hawakudumu hata siku. Safari moja aliiba sikio. Alilificha kwenye kihenge, chini ya uwele, na mara kwa mara alichomeka mkono akaligusa.

Basi ukaja mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla, na Kefa naye akaja.

Kefa alikuwa mtu wa Iguguno, amesoma misheni kidogo, ana kaptula ya kaki na baiskeli, na kazi yake ilikuwa kununua nta na ngozi kuzipeleka kwenye stoo yake Singida mjini. Alisema kuna bibi wa Kizungu, mchoraji, anayezunguka akinunua kazi za mikono. Hataki vyungu. Anataka vitu ambavyo mkono wa mtu mmoja umevitoa, visivyofanana na vya mwingine, avipeleke Nairobi kwenye nyumba ambayo watu huingia kutazama tu.

Yunisi akamwuliza wanatazama halafu inakuwaje. Kefa akasema halafu wanarudi kwao.

"Na kile kitu?"

"Kinabaki, Mama Felista. Kinakaa pale pale miaka na miaka."

Neno lile ndilo lililompata. Si fedha. Fedha ilikuja, akanunua kaniki na chumvi, ikaisha. Neno "kinabaki" halikuisha. Alimfinyanga simba mmoja bila macho, akijiambia kwamba simba kipofu si simba, ni udongo tu. Kefa alimchukua, na baada ya muda akamrudisha kwenye baiskeli. Bibi alikuwa amempenda, akaupenda hasa ule mstari wa ukucha shingoni, lakini alisema kazi haijamalizika.

Alute alikuwa machungani na ng'ombe. Yunisi alichukua mwiba wa mgunga. Udongo ulikuwa umekauka lakini haujachomwa, ukakubali. Alipomaliza jicho la pili alirudi nyuma hatua moja, na simba akawa anamtazama. Alimchoma pamoja na vyungu vya kiangazi, katikati ya samadi na kuni, na alipopoa akamgonga kwa kifundo cha kidole. Mfinyanzi hugonga asikilize: chungu kilichoiva hulia, kisichoiva hunyamaza. Simba yule alilia kama njuga. Kefa alimpaka nta mpaka akang'aa, akamfunga kwa ngozi ya ndama, akaondoka naye.

Haukupita muda, mauaji yakaanza upande wa Sepuka.

Mtu alikwenda shambani hakurudi. Mwingine alikutwa kwenye mtama amekwaruzwa kuanzia shingo. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alipeleka askari na bunduki, na askari walirudi wakisema ni simba wa porini. Watu waliwasikiliza kwa adabu. Wao walijua, au walidhani wanajua, kwamba simba wa porini hachagui. Ilisemwa kuna watu waliolelewa gizani, wakavishwa ngozi na kucha, na kwamba mwenye kisasi angeweza kwenda kwa anayewafuga akamkodi mmoja. Basi kila aliyewahi kugombana na jirani alianza kuhesabu ugomvi wake. Milango ya tembe ilifungwa jua likiwa bado juu. Wanawake walikwenda kisimani kwa makundi, wakiimba kwa nguvu, na wimbo ukikatika kila mmoja alisikia majani. Jina la mnyama halikutajwa tena. Ilisemwa "yule".

Yunisi naye aliimba, ila moyoni alikuwa na hesabu yake peke yake. Simba alifunguliwa macho kabla mtu wa kwanza hajafa. Alijiambia ni kiangazi tu, ni bahati tu. Alichomeka mkono kwenye kihenge kugusa sikio, akautoa haraka.

Halafu alichukuliwa Marietha, mke wa Samweli, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa amekwenda kukata kuni kwenye yale majabali makubwa, wenzake wakiwa umbali wa kuitana. Walimwita, akaitika. Walimwita tena. Walichokikuta kwanza ni mzigo wa kuni uliofungwa vizuri, kamba imekazwa, uko tayari kunyanyuliwa.

Matanga yalikaliwa kwa Samweli. Maji ya kumwoshea marehemu yalikuwa kwenye mtungi wa Yunisi, na Samweli alikaa akiutazama mtungi ule kwa muda mrefu, mpaka watu wakafuata macho yake. Ndipo aliposema, kwa sauti ndogo kabisa, kwamba mwezi uliopita alipeleka nta mjini kwa Kefa. Nyuma ya marobota ya ngozi alimwona yule, wa udongo, mzima, ana macho.

"Na shingoni," alisema Samweli, "alikuwa na ukucha kama huu."

Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke aliyekuwa amekaa karibu na Yunisi alivuta kanga yake isiguse ya Yunisi, na hilo lilimwogofya kuliko kelele.

Alipofika nyumbani alimweleza mumewe yote. Alute hakumpiga wala hakumtukana. Alikaa kwenye mlango wa zizi la ng'ombe. Mwishowe alisema wampeleke Felista, binti yao, kwa wajomba zake. Yunisi akamjibu kwamba mtoto akiondoka leo, kesho watu watasema wao wamekiri. Wote wawili walikuwa wamesikia habari ya kikongwe wa upande wa Sepuka aliyechomwa moto ndani ya tembe yake, na mlango ukiwa umezuiwa kwa nje na wajukuu wa ndugu zake.

Mama Mughwai alikuja siku iliyofuata akiegemea fimbo. Yunisi alipiga goti akamwamkia shikamoo, na mama yule alichelewa kuitikia, akimtazama kwanza.

"Marahaba. Nimewaomba wanaume, wamenipa mpaka siku ya mnada," alisema. "Simba arudi, avunjwe mbele ya wote, arudishwe mbugani. Akirudi, hili ni jambo la wanawake na limekwisha. Asiporudi, mwanangu, si langu tena."

Yunisi alikwenda mjini na kundi la watu waliokuwa wakipeleka ngozi, akitembea katikati yao ingawa hakuna aliyemsemesha. Alimkuta Kefa stooni amejifungia kwa ndani. Mlango ulifunguliwa kidogo, akavutwa, ukafungwa.

Simba hakuwapo. Alikuwa amepanda lori zamani, yuko Nairobi, na bibi mwenyewe hajulikani aliko. Kefa alisema hata wakimpelekea habari leo kwa simu ya upepo, Wazungu hawarudishi kitu walichokwisha kukiwekea kibao cha jina. Alikuwa amekonda. Alisema huku akijaribu kucheka kwamba yeye ndiye kuli wa yule, aliyempitisha kwa baiskeli vijiji vyote, macho wazi, akipiga kengele watu wampishe njia.

"Unadhani watakuua peke yako, Mama Felista? Watatuunganisha kama wali na mchuzi."

Yunisi akasema atamfinyanga mwingine.

Kefa alifikiri hakusikia vizuri. Akamwuliza kama anataka kujiiga mwenyewe, kama wale wahuni wa minadani wanaotia mchanga kwenye nta. Yunisi akasema ndiyo. Udongo upo nyumbani chini ya gunia bichi. Yeye Kefa ataleta nta ile ile, na ngozi ya ndama, na siku ya mnada atapita barabara kuu mchana akionekana, anatoka mjini amembeba simba. Mengine amwachie.

Hakuna mtu aliyewahi kufanya jambo lile katika nchi ile. Wapo walioiba ng'ombe na walioapa uongo, lakini kumfinyanga simba wa kudanganyia, ili mama wa unyago avunje kitu kisicho chenyewe! Yunisi alijua anachokifanya, na alikifanya kwa sababu alikuwa na mtoto ndani ya tembe yenye mlango mmoja.

Alifinyanga ndani, kwenye giza la chumba cha nyuma, mchana, Alute akiwa ameketi mlangoni akijifanya anasokota kamba. Mikono ilikataa. Simba wa kwanza alikuja mwenyewe kama maziwa yanavyokuja. Huyu alimtoa kwa nguvu. Kila alipomaliza uso aliukuta umebeba woga, masikio yamelala nyuma, mdomo umevutwa kama wa mbwa anayengoja fimbo. Alifuta akaanza upya. Aliufuta tena. Mwishowe akauacha, akasema moyoni kwamba watakaomtazama watakuwa na woga wao wenyewe, hawatauona wa simba. Alibonyeza ukucha wake shingoni, alama baada ya alama. Alipofika kwenye macho aliyatoboa akiwa ameangalia pembeni.

Sasa moto. Msiba ukiwa wazi, moto wa vyungu haukuwashwa. Ilikuwa mwiko, kwamba chungu kikipasuka motoni na mtu mwingine wa ukoo atapasuka. Moshi mzito wa samadi ungeonekana hadi ng'ambo ya mbuga, na watu wangeuliza mke wa Alute anachoma nini. Kwa hiyo alimzika simba kwenye jiko la kupikia, akamfunika kwa majivu ya moto na vinyesi vikavu, akafunga mlango. Felista alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na kila alipokohoa mama yake alimziba mdomo kwa kiganja. Jirani mmoja alipita akauliza kwa nje wanaumwa nini. Alute akajibu ni mafua.

Moto wa jikoni hautoshi kwa kitu kinene vile. Alipomtoa alikuwa mweusi upande mmoja, mwekundu upande wa pili. Alimgonga kwa kifundo cha kidole.

Hakulia.

Alimgonga tena, kwenye mgongo, kwenye bega. Sauti ilikuwa kama ya kugonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Udongo wa ndani ulikuwa bado mbichi. Siku ya mnada ilikuwa kesho yake.

Walikuwa wamepatana na Kefa wakutane mahali ambapo hakuna mtu angekwenda, na kwa siku zile hapakuwa na mahali pa namna hiyo ila mahali pamoja. Yunisi alitoka saa sita mchana, kapu kichwani, simba chini na mtama juu, akapanda kwenye majabali alikofia Marietha. Mzigo wa kuni ulikuwa bado pale. Hakuna aliyethubutu kuutumia. Upepo ulipita kati ya mawe ukitoa sauti ya pumzi, na Yunisi alisimama akiwa amekumbatia kapu, asijue anaogopa wa nje au wa ndani ya kapu. Kefa alipotokea nyuma ya jiwe akiburuta baiskeli, Yunisi alikaribia kupiga yowe. Kefa naye alikaribia.

Kefa alipaka nta mikono ikimteleza, akafunga ngozi, akatazama ule mzigo wa kuni, akasema tu, "Tuondoke hapa, dada yangu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada.

Siku ya mnada watu wote wa sehemu ile walikuwa uwanjani kwa Samweli, wanaume upande mmoja na fimbo zao, wanawake upande mwingine. Kefa alikuja kwa barabara kuu akipiga kengele. Aliteremka, akaweka mzigo mbele ya Mama Mughwai, akarudi nyuma haraka, karibu aiangushe baiskeli. Mama Mughwai alifungua ngozi. Watu waliokuwa mbele walisogea nyuma wakawakanyaga wa nyuma. Samweli alichungulia shingo ya simba, akaona ukucha, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiye.

Mama Mughwai alipiga magoti taratibu. Alimshika simba kichwani kama mtu anavyomshika mtoto mwenye homa. Alimtazama usoni. Kisha akakunja kidole akamgonga mgongoni, mara moja, taratibu.

Yunisi aliona kidole kile kikisimama hewani. Aliisikia ile sauti ya nyumba isiyo na watu, akajua kwamba mwanamke yule, aliyevunja simba wake wote na kuwasikia wote wakilia, naye ameisikia. Alimtafuta Felista kwa macho, akamwona amebebwa mgongoni na shangazi yake karibu na zizi. Akapima umbali.

Samweli akasogea, akanyoosha mkono. Alisema anataka kumshika, anataka kumvunja mwenyewe kwa ajili ya mkewe.

"Ondoa mkono," Mama Mughwai alisema. "Lini mwanaume akamgusa huyu?"

Akatoa sauti ya kilio cha kumaliza unyago, kile cha zamani kirefu, na wanawake wote wakakidaka, uwanja ukajaa. Ndani ya sauti ile aliinua jiwe la kusagia kwa mikono yake miwili, kikongwe yule, akalishusha. Simba aliyeiva hutawanyika. Huyu aliporomoka kama kichuguu. Kabla vumbi halijatulia Mama Mughwai alikuwa amevua kanga yake ya juu akaitupa juu ya vipande, akasimama juu yake kwa miguu miwili, akaendelea kulia. Udongo mbichi wa ndani haukuonwa na mtu.

Kikapu alikibeba Yunisi, kama desturi. Walikwenda mbugani wawili tu. Wakamwaga, wakafukia kwa mikono. Mama Mughwai aliosha viganja vyake kwenye kidimbwi cha maji ya chumvi, akakaa akipumua.

"Huyu hakulia, mwanangu."

Yunisi alianguka miguuni pake.

"Anayelia yuko wapi?"

Akamwambia amekwenda Nairobi, kwa Wazungu, na hatarudi. Mama Mughwai hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, aliyeona mwisho wa jambo ambalo alidhani litamzidi umri.

"Watu nimewazuia," alisema. "Yeye siwezi kumzuia. Huyo ni wako."

Katika Unyambwa hakufa mtu mwingine. Kwingine walikufa bado, mpaka serikali ya Boma ilipokamata watu wengi na baadhi yao wakanyongwa, mambo yakatulia. Unyambwa walisema ni kwa sababu simba alirudishwa akavunjwa. Samweli alikuja kwa Alute na jogoo kuomba radhi. Wanawake waliokuwa wakivuta kanga zao walirudi kukaa karibu na Yunisi. Yeye aliwapokea wote, akawapa uji. Hakufinyanga tena chochote chenye uso, na vyungu alivyofinyanga baadaye aliviacha bila alama. Sikio la kwenye kihenge alilisaga akalirudisha mbugani. Mama Mughwai alipofariki, unyago ule ulififia. Wasichana wakapelekwa shuleni, na simba akabaki kuwa neno la mabibi, kisha hata neno likapotea.

Kefa alikutana na Yunisi mnadani miaka baadaye. Sasa alikuwa na suruali ndefu na miwani, na alizungumza na watu wenye magari. Alimvuta pembeni akamwambia alifika Nairobi, akaingia kwenye ile nyumba ya kutazama, akamwona. Yuko kwenye sanduku la kioo. Wameandika Tanganyika. Jina la Yunisi halipo, ila ukucha unaonekana wazi, na watu wanasimama mbele yake muda mrefu. Kefa alitegemea atafurahi.

Yunisi aliuliza kama bado ana macho.

"Anayo. Wanayasifu sana hayo macho."

"Anatazama wapi?"

Kefa alifikiri. Akasema anatazama mlangoni.

Aliporudi nyumbani jioni hiyo, jua likiwa bado juu, Yunisi alianza kupondaponda udongo. Alute alidhani amerudia kazi yake, moyo wake ukafurahi. Lakini alikuwa akiziba mlango. Tembe yao ilitazama kaskazini, inakotoka barabara ya Nairobi. Aliuziba kwa fito na udongo mpaka juu, akalainisha kwa kiganja, na kesho yake wakatoboa mwingine upande wa kusini.